Najua, Cheza

Phelista Nakhungu alitoka Bungoma asubuhi ya Jumanne kwenda Kitale kununua mota ya cherehani, kisha arudi. Safari ya saa chache tu. Yeye hakuwa mshonaji. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, na siku hiyo mama mmoja wa sare za shule alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ikifika saa tisa mashine haijanguruma, atatafuta fundi mwingine.

Soko la Kitale lilikuwa limechangamka. Wauza viazi walipiga kelele, wenye mitumba wakarusha mashati juu, mikokoteni ikapita ikiwagusa watu visigino. Nakhungu alipenya katikati yao na sketi yake ya jinzi na blauzi ya kitenge ya manjano, nywele za kusuka amezifunga nyuma kwa kitambaa, mkoba ameubana kwapani. Nje ya duka la vipuri vya trekta aliona duara la wanaume walioipa dunia migongo. Alilijua duara la aina ile. Lina kimya chake, na kimya hicho kinapasuliwa na mlio mmoja tu: pa! wa kifuniko cha soda kikigongwa kwenye ubao wa drafti.

"Mkono mmoja tu," akajiambia. "Naangalia naenda."

Aliyekuwa akicheza upande wa karibu alivaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kete. Nakhungu akasonya.

"Nani amesonya?" yule mwanamume aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi."

"Na mbona unanisonya na hatujuani?"

"Ukisukuma hiyo anakula tatu na anaingia kingi."

Watu wakacheka. "Ati nini?" Mwenye ovaroli aliukazia macho ubao, midomo ikihesabu, kisha akauondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Hapo ndipo alipoinua uso. Alikuwa na macho matulivu, na mwanya uliojitokeza kabla tabasamu halijakamilika.

"Wewe dada, unajua ama unapita tu?"

"Napita tu."

"Basi pitia hapa." Akasukuma kreti la soda kwa mguu. "Kaa."

Nakhungu akakaa. Mchezo wa kwanza alimla Kimaiyo, maana hilo ndilo lililokuwa jina la mwenye ovaroli, mpaka watu wakashika vichwa. Wa pili alishindwa yeye. Wa tatu ulikuwa mrefu. Alipoinua macho aliona wauza viazi wakifunga magunia, bega lake moja limelowa chepechepe, na juu yake mtu amemshikia kipande cha katoni.

"Mvua imenyesha?" akauliza.

Duara zima likaangua kicheko.

"Imenyesha ikaisha, bana," Kimaiyo alisema. "Nilikuuliza tuhame, ukasema tuvute ubao barazani tu. Si tumeuvuta?"

"Mimi nilisema?"

"Wewe."

Nakhungu akatazama saa. Saa kumi na moja kasoro. Duka la mota lilikuwa limefungwa, na kwenye simu mama wa sare alikuwa ameacha ujumbe usiofaa kusomwa mbele za watu. Akainuka kwa hofu, mkoba ukaanguka, Kimaiyo akauokota.

"Nipe namba yako," akasema. "Kesho wakifungua tu nanunua hiyo mota, naitia kwa gari ya kwanza. Si ni mimi nimekuponza?"

"Umejuaje nataka mota?"

"Umesema ukikaa. 'Nimekuja mota lakini mkono mmoja tu.'" Akacheka. "Haki, wewe ukiwa mezani unaongea na hujisikii."

Mota ilifika kesho yake saa nne, imefungwa kwa gazeti, na juu ya gazeti Kimaiyo ameandika kwa kalamu: *11 hadi 15. Zamu yako.*

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kimaiyo alikuwa fundi wa trekta katika yadi moja pembezoni mwa Kitale. Nakhungu alikuwa na kibanda chake Bungoma mjini. Kila mmoja alichora ubao wake na kuzipa namba nyumba zake za mraba, na saa ya chakula cha mchana simu ikilia, mchezo unaendelea.

"Sasa, mrembo."

"Poa, mzee wa trekta. Ishirini na mbili hadi kumi na nane."

"Eh! Hata salamu haijapoa? Sasa ni lazima nile."

"Ni lazima ule, mpenzi. Halafu mimi nakula."

"Wewe umekula kweli lakini? Chakula, si kete."

"Nimekula kete mbili jana, bado nimeshiba."

"Nakhungu."

"Mm?"

"Nakupenda, lakini hiyo kete yako ya kona nitaila."

Sikukuu ya Pasaka, Kimaiyo alifika Bumula nyumbani kwa kina Nakhungu, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa kama karatasi. Baba yake Nakhungu, Mzee Wabwile, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mrefu na mkavu, na ndiye aliyemfundisha bintiye drafti tangu akiwa wa kubebwa magotini. Hakumuuliza mgeni ukoo wala kazi. Alitoa ubao. Baada ya michezo minne, yote Kimaiyo akiwa ameshindwa, mzee akamwambia Khisa, mdogo wake Nakhungu, "Chinja kuku. Huyu kijana anajua kushindwa."

Jioni ile Khisa na Kimaiyo wakabadilishana namba za simu. Wakati huo halikuwa jambo la maana.

Mwezi wa sita Kitale iliandaa mashindano ya drafti ya Magharibi na Bonde la Ufa, na mshindi angekwenda Nairobi kucheza na watu wa nchi nzima. Wachezaji sitini waliandikishwa, mwanamke mmoja. Kufikia Ijumaa jioni walikuwa wamebaki wawili, na wawili hao walikuwa Nakhungu na Kimaiyo.

Kabla ya fainali Jumamosi, walisimama nje ya ukumbi, yeye amevaa gauni la samawati aliloliazima kwa rafiki, Kimaiyo na shati lake lile jeupe.

"Tukae hivi," Nakhungu alisema. "Mezani hatujuani."

"Hatujuani."

"Usinihurumie, Kimaiyo. Ukinihurumia mimi na wewe tumeisha. Nasema kweli."

"Na wewe usinihurumie."

"Mimi? Nitakumaliza, mpenzi."

Akampigia baba yake. Mzee alisema kichwa kinamgonga kidogo, pengine ni jua, lakini asijali. "Leo usicheze kama mgeni, mama," akamwambia. Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la mama yake mzee.

Refa alikuwa Nyongesa, mtu wa Bungoma, mwalimu aliyestaafu mwenye filimbi shingoni. Katika mchezo wa kwanza Kimaiyo alipochelewa kula, refa akapaza sauti, "Kura! Lazima ukure!"

"Mwalimu, uchaguzi bado," mtu mmoja akamjibu kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho siku ile.

Mchezo wa kwanza ulikuwa sare. Wa pili sare. Wa tatu ulianza saa tano na nusu, na huo ndio ungeamua.

Ni vigumu kumweleza asiyecheza. Nakhungu hakusahau dunia. Ilikuwa kama dunia imemsahau yeye. Njaa iliondoka kwanza. Kisha kiti alichokalia, kisha watu. Zilibaki nyumba thelathini na mbili, kete nyeusi na kete nyekundu, na barabara kati yao, barabara ambazo hakuna mwingine aliyeziona isipokuwa yule aliyekaa mbele yake. Hata yule hakuwa Kimaiyo tena. Alikuwa akili iliyomkaribia, ikarudi nyuma, ikamtega. Ukitaka kujua mtu, alizoea kusema baba yake, usiulize habari zake, kaa naye mezani. Huko hakuna uongo. Kete iko hapo au haipo.

Mahali fulani nzi alikuwa akivuma ndani ya kopo. Akanyamaza, akavuma tena. Mdomo wa yule aliyekaa mbele yake ulisogea. Filimbi ililia. Nakhungu aliona kwamba kona ya kushoto ingefunguka baada ya hatua sita, na zile hatua sita zilikuwa tamu kama kitu kinachoyeyuka ulimini. Akasukuma. Akaliwa. Akala. Mpinzani akapata kingi, kete inayokwenda mbele na nyuma. Sasa alikuwa nyuma, lakini kulikuwa na njia moja nyembamba, nyembamba sana, na alikuwa akiielekea akiwa amezuia pumzi.

Kiganja kikubwa kikatua katikati ya ubao. Kete zikatawanyika.

"Nimekubali," Kimaiyo alisema. "Refa, nimeshindwa."

Ukumbi ukalipuka. Nakhungu alihisi kama mtu aliyevutwa kwa nywele kutoka chini ya maji. Mwanga ulimuumiza macho. Alitazama kiganja kile, akaelewa jambo moja tu: Kimaiyo alikuwa na kingi mbili, alikuwa anashinda, na alikuwa amemtupia ushindi kama mtu anayetupia kuku punje za mahindi.

"Umefanya nini?" Akakisukuma kile kiganja. "Nilikuambia nini pale nje? Mbele ya watu wote hawa, Kimaiyo?"

"Inuka twende."

"Siendi popote na wewe!"

Kimaiyo akamshika mkono wa juu, si kwa upole. "Nakhungu. Baba yako ameanguka. Yuko hospitali Bungoma. Twende."

Pikapu ya yadi ilikuwa nje. Wakaondoka saa saba kasorobo, pikapu ikirukaruka, koleo na spana zikigongana nyuma. Nakhungu alitoa simu kwenye mkoba. Khisa alikuwa amempigia mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Walipopita Kiminini ndipo alipomgeukia Kimaiyo.

"Wewe ulijua saa ngapi?"

Kimaiyo alikazia macho barabara. "Khisa alipokukosa alinipigia. Saa sita na kama robo."

"Saa sita na robo." Nakhungu alihesabu kama anavyohesabu kete. "Umeweka mkono ubaoni saa sita na arobaini. Kwa hivyo babangu ameanguka, umejua, na umekaa hapo ukinila? Ukaingia kingi ya pili?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia, Nakhungu. Mara tatu. Refa akanipigia filimbi."

"Muongo!" Neno lilijaa ndani ya gari. "Mtu aniambie babangu ameanguka nisisikie? Mimi ni jiwe? Sema tu ulitaka kushinda. Halafu dhamiri ikakugonga, ukaona afadhali unipe hiyo zawadi yako."

Kimaiyo alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na jambo la kusema, Nakhungu aliliona likipanda hadi kooni, na Kimaiyo alipolimeza, yeye aliuchukua ule ukimya kuwa ni kukiri. Walipita Kimilili hivyohivyo, akina mama wa sokoni wakiwapungia ndizi dirishani, wao wawili wakitazama mbele kama watu waliochongwa.

Kwenye lango la hospitali alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Rudi Kitale," akasema. "Usinifuate. Usinipigie."

"Phelista, nisikize kidogo tu—"

"Nimekusikiza mara tatu, si ndivyo umesema?"

Akambamizia mlango.

Khisa alikuwa kwenye korido, shati limetoka suruali, matope kwenye viatu. Alikuwa amembeba baba yao peke yake mgongoni hadi barabarani, jirani akawasaidia na gari.

"Dada, ulikuwa wapi?" Hakuuliza kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Alikuwa anaongea. Anakuita. 'Muiteni Nakhungu, nataka nimwambie kitu.' Nikasema anakuja. Akangoja. Saa nane kasoro dakika kumi ulimi ukakataa."

Nakhungu alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi na tano. Dakika ishirini na tano.

Mzee Wabwile alilala na uso uliovutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekufa juu ya shuka. Macho yake yalimtambua bintiye. Mdomo ulijaribu, ukatoa sauti isiyokuwa neno. Nakhungu akapiga magoti kando ya kitanda, akalia na gauni lake la kuazima.

Siku tisa zikapita. Simu ya Kimaiyo ilikuja asubuhi na mchana, kisha mchana peke yake, na yeye hakupokea hata moja. Siku ya sita akaifunga namba yake isiingie kabisa. Kombe alilopelekewa na refa lilikaa chini ya meza kibandani, na kila alipoinama kuokota skrubu aliliona, akasonya. Alifungua mashine za watu akazifunga tena. Mara mbili alifunga mashine akakuta kipuri kimoja kimebaki nje. Watu wa hospitali walisema baba atapona kwa kiasi, pole pole, na kwamba kuwahi kwake au kuchelewa kwake yeye binti hakukuwa na tofauti yoyote kwa ugonjwa wenyewe. Lakini Nakhungu hakuwa anaomboleza ugonjwa. Aliomboleza lile neno ambalo hakulisikia.

Siku ya kumi, wakiwa kwenye benchi la korido wakingoja wauguzi wamwogeshe mzee, Khisa alimsogezea simu.

"Kuna mtu alirekodi ile fainali, ameiweka Facebook. Nilitaka kukuonyesha jana, nikaogopa."

"Sitaki kuona."

"Ona, dada. Tafadhali."

Aliyerekodi alikuwa amesimama nyuma ya bega la Kimaiyo, kwa hivyo uso ulioonekana wazi ulikuwa wa Nakhungu mwenyewe. Alishangaa. Hakuwahi kujiona akicheza. Uso ulikuwa mzuri, laini, kama wa mtu anayesali, na haukuwa na mtu ndani yake.

Simu ya Kimaiyo ilitetemeka kifuani mwake. Akaitazama, akaipuuza. Ikatetemeka tena. Akaitoa, akaiweka sikioni, mabega yakakakamaa. Akainama mbele.

"Nakhungu," sauti yake ilisikika vizuri kabisa. "Khisa anapiga. Anasema mzee ameanguka. Wanampeleka hospitali."

Na yule mwanamke kwenye simu, bila kuinua macho, bila kupepesa, kwa sauti tulivu, wazi, kama mtu aliyeulizwa kama anajua saa, akajibu:

"Najua. Cheza."

Nakhungu alirudisha nyuma akatazama tena. *Najua. Cheza.* Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa midomo yake. Alitazama mara ya tatu, ya nne, akitafuta mahali ambapo ingeweza kuwa si yeye.

Mbele kidogo Kimaiyo aliinama tena, "Nakhungu, sikia," filimbi ikalia, "Hakuna kuongea na mpinzani!" na yule mwanamke akagonga ubao kwa kidole, mara mbili, kumwambia ni zamu yake. Mara ya tatu alimgusa mkono. Mkono uligutuka, ukajitoa kama unavyofukuza nzi.

"Mimi nilimwita muongo," akasema. Hakuwa anamwambia Khisa.

Jumapili iliyofuata ulimi wa mzee ulianza kurudi, neno moja moja, kama maji ya mfereji uliokatika. Nakhungu alikuwa akimlisha uji. Mzee akazuia kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Na... nani... alishinda?"

Nakhungu akaweka bakuli chini. "Hakuna, Baba. Hatukumaliza." Kisha akamweleza yote, simu, kiganja, gari, na video. Hakujipunguzia. Mwishoni akauliza, "Ulitaka kuniambia nini siku ile?"

Mzee alifumba macho, Nakhungu akadhani amechoka.

"Siku... ulizaliwa," akasema. "Nilikuwa stesheni. Mezani. Waliniita... mara mbili." Akapumua. "Nilisema nakuja. Nikamaliza mchezo. Nikashinda." Mate yalimchuruzika, Nakhungu akampangusa. "Nilikuta mmekuwa wawili. Mwenzako... alikuwa ameshapoa. Mama yako alinitazama. Mpaka alipokufa, alinitazama hivyo."

Nakhungu hakujua kamwe kwamba alizaliwa pacha.

"Nilipoanguka nikajua... uko mezani. Nikataka ujue. Ni mimi... nilikupa hiyo kitu." Machozi yalitoka jicho moja tu, lile lililokuwa zima. "Tamu. Lakini haina mlango. Lazima mtu... asimame nje."

Jumatatu Nakhungu alifunga kibanda. Alipitia kwanza nyumbani kwa Mwalimu Nyongesa na lile kombe ndani ya mfuko wa nailoni. Akamwambia hawezi kwenda Nairobi, kwa sababu hakushinda. Mwalimu alikuna kichwa, akasema basi nafasi ni ya Kimaiyo akitaka, na akamuuliza kama amegombana na mtu. Akamwachia mfuko, akapanda gari la Kitale.

Yadi ya trekta ilinuka dizeli na udongo mbichi. Kimaiyo alikuwa amelala chali chini ya trekta kubwa nyekundu, miguu nje. Nakhungu aliijua hata buti zake.

"Kimaiyo."

Spana ilikoma. Miguu haikusogea.

"Nimeiona video," akasema. "Uliniambia. Nikakujibu."

Kimaiyo akatoka pole pole, akaketi chini akiegemea gurudumu. Alikuwa amekonda. Grisi ilimfika hadi shingoni. Hakumkaribisha kukaa, na Nakhungu hakukaa.

"Mzee anaendeleaje?"

"Ameanza kuongea."

"Mungu ni mwema."

"Nilikuita muongo, ukanyamaza. Mbona hukujitetea? Ungeniambia nenda ukamuulize refa, ukawaulize watu wote wa ukumbi."

Kimaiyo alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Kwa sababu hesabu yako ilikuwa sawa," akasema. "Saa sita na robo mpaka arobaini. Uliposema unajua, nikajiambia, kama anajua, basi amepata habari kwa njia nyingine, amepanga mambo. Nikarudi mezani. Nikaona nina njia. Nakhungu, mimi nilisikia. Wewe hukusikia, una sababu. Mimi nilisikia, nikaendelea kukula kwa nusu saa karibu. Ile kingi ya pili, unajua nilifurahi? Nilifurahi kabisa. Halafu nikakutazama usoni nikaogopa. Nikaona nyumba imewaka moto na sisi wawili tuko ndani tunapanga vyombo."

Trekta ilikuwa ikidondosha mafuta, tone kwa tone, kwenye debe.

"Nilitaka kukuoa," akasema. "Nilikuwa nimeshamwambia mama. Lakini tangu siku hiyo najiuliza jambo moja. Tukiwa na mtoto, na tumekaa mezani mimi na wewe, akilia, nani atasikia?"

Nakhungu alihisi lile swali likimwingia mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeweza kujua. Akamfikiria mtoto aliyepoa pembeni yake, miaka ishirini na tisa iliyopita, wakati stesheni watu wakipiga makofi.

"Siwezi kukuahidi nitaacha," akasema. "Nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya. Na siwezi kukuahidi nitasikia, kwa sababu siku ile nilidhani nasikia."

"Sasa?"

"Sasa mimi na wewe tusicheze tena."

Kimaiyo akainua kichwa.

"Nicheze na watu wengine, wewe usimame nyuma yangu. Ucheze wewe, nisimame mimi. Lakini ubao mmoja, mimi na wewe, hapana. Hata kwa simu." Hapo ndipo alipotambua anachokitoa. "Na siku utakayoniambia nilifanya jambo na mimi sikumbuki, nitakuamini wewe. Hiyo naweza kuahidi."

Wote wawili walijua ni kitu gani kinazikwa pale. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukutana na Nakhungu kwenye zile barabara za ubao, na hakuna mwingine angekutana naye tena.

"Utanikosa," Kimaiyo akasema. "Kule ndani."

"Nitakukosa sana."

"Hata mimi." Akajikohoza. "Ulikuwa umeiona ile njia ya kona? Siku ile? Ile nyembamba?"

"Usiniulize, Kimaiyo. Tafadhali."

"Sawa. Sawa, mpenzi. Siulizi."

Akainuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili, mpaka kucha. Aliporudi alimshika Nakhungu mikono yote miwili, maji bado yakimchuruzika.

"Nikiwatuma wazee wangu Bumula mwezi wa nane," akasema, "watamkuta mzee?"

"Watamkuta," Nakhungu akajibu. "Hataweza kusimama kuwasalimu. Lakini watamkuta."